Mkono Niliouinua Njia Panda

Breki ya mbele ya pikipiki iko mkono wa kulia. Mshiko wa mafuta uko mkono huohuo, na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Upande wa kulia wa mwili ndio unaosimamisha pikipiki, na kwetu Buha upande huohuo ndio unaosalimia watu. Huwezi kumsalimia mtu mzima kwa mkono wa kushoto. Kumpita kimya nako ni kumtukana. Nimeendesha pikipiki miaka kumi na minne kati ya Kasulu na Kibondo bila kuyaweka mambo haya mawili pamoja kichwani. Niliyaweka pamoja nikiwa nimelala chali wodini, na muda wa kuyafikiria nilikuwa nao.

Naandika kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe uliyelazwa sasa hivi na mguu uliofungwa vyuma, unayezijua mbao za dari moja moja na hakuna anayekuambia ukweli wa kesho. Wa pili ni wewe ambaye bado uko barabarani, mzima, na unadhani dereva wa gari akielekeza uso kwako basi amekuona.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Sishoni nguo, natengeneza mashine za wanaoshona. Nilimaliza kidato cha nne Kibondo, na wiki ileile nikaondoka. Nimekaa Kahama, nimekaa Geita, nimekaa Mpanda, na Uvinza nilikaa msimu mmoja wa mvua kwa sababu tu nilipenda harufu ya mahali pale. Ufundi niliupata Kahama. Nilirudi nyumbani na pikipiki, sanduku la zana na uchovu wa kutaka kutulia, nikamwoa Yasinta, tukajenga Busunzu. Uchovu ule uliisha baada ya miezi mitano. Nikaanza mzunguko wangu wa masoko: Kasulu mjini, Makere, vijiji vya upande wa Rungwe Mpya, Kibondo, mara nyingine hadi Manyovu mpakani, ambako mafundi nguo wa Burundi walikuwa wakivusha mashine zao nizitazame. Nyumba yangu ilikuwa Busunzu, mke na binti yangu walikuwa Busunzu, na mimi nilikuwa njiani. Sikuona kosa lolote. Niliona ndivyo nilivyoumbwa.

Ajali ilitokea kiangazi, asubuhi yenye ukungu. Wanaojua baridi ya huku juu mwezi wa saba watanielewa nikisema kwamba siku ile nilivaa helmeti na kuifunga mkanda kidevuni kwa sababu masikio yalikuwa yanauma kwa baridi. Siku nyingine helmeti ilikuwa inakaa kwenye kioo cha pembeni, au juu ya sanduku la zana. Naliweka hili mwanzoni ili usije ukafikiri niliokolewa na busara yangu. Niliokolewa na masikio.

Nilikuwa nimetoka Kasulu naelekea Kibondo. Nilipokaribia njia panda moja ya kuingilia Rungwe Mpya niliona pikapu nyeupe inakuja mbele yangu, upande wake. Ilikuwa imepunguza mwendo. Indiketa haikuwaka. Nilimwona dereva vizuri, tulikuwa tumekaribiana kiasi hicho. Akainua mkono kutoka kwenye usukani, akaupunga. Nikajua ameniona na ananiambia nipite. Moyo wangu ukatulia. Nikainua mkono wangu wa kulia, ule wa breki, nikaitikia salamu yake kama mtu aliyelelewa vizuri.

Yeye akakata kona kuingia Rungwe Mpya, mbele yangu.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nakumbuka taa ya pikapu, na nakumbuka sauti ya zana zangu zikimwagika barabarani, spana na sindano na bobini, sauti ndogo ndogo nyingi. Maumivu yalikuja baadaye. Kwanza nilimwona mwanamke mzee amesimama kando ya barabara na mzigo wa kuni kichwani. Hakuwa anapiga kelele. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, na hakuushusha.

*

Mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umevunjika mara mbili na kutoka nje ya ngozi. Nililazwa hospitalini Kasulu. Sitaeleza mambo ya madaktari kwa sababu siyajui na wewe hayatakusaidia saa nane mchana, joto la bati likiwa limeshuka hadi kitandani. Nitasema tu kwamba daktari wa mifupa alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, na wodi nzima ya wanaume ilikuwa inahesabu siku kwa ujio wake. Hatukusema mwezi wa nane au wa tisa. Tulisema, "Hiyo ilikuwa kabla daktari hajaja mara ya pili."

Alipokuja mara ya kwanza, alinitia vyuma: fimbo nne zikiingia kwenye mfupa na nyingine ya kuziunganisha nje. Mguu wangu ukafanana na mashine iliyofunguliwa ikasubiri kipuri. Nilipouangalia nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu mimi huwa nazifungua mashine za watu na kwenda zangu kijiji kingine kutafuta kipuri, na mwenye mashine anabaki anaitazama.

Yasinta alikuja siku ya pili. Akaweka chini ndoo ya ugali wa muhogo na maharage, akageuza ndoo nyingine, akaikalia.

"Miaka kumi na minne," akasema, "nauliza watu Gervas yuko mji gani. Leo najua hadi namba ya kitanda."

"Pole mke wangu."

"Pole ya nini? Wewe ndiye uliyevunjika."

Hakusema kwa ukali, na ukali ungenifaa zaidi. Alinilisha, akaniosha mgongo, akafua shuka, na katika kazi zote hizo mikono yake ilikuwa mikono ya mtu anayemhudumia mgeni. Niligundua kwamba hatukuwa na la kuongea. Tulizungumza habari za mvua, habari za binti yetu Anjela shuleni, zikaisha. Alipoondoka kuwahi basi la Busunzu nilifurahi kwa dakika chache, na baada ya hapo nikaona aibu ya kufurahi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, naye alikuwa ameumia mguu akiwa abiria wa pikipiki. Aliuguzwa na dada yake, Mama Furaha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alipogundua kwamba ndugu zangu wanakuja mara mbili tu kwa wiki, aliniingiza katika ratiba yake bila kuniuliza.

"Papa Cherehani, uliamuka aje?"

"Salama tu, Mama Furaha."

"Salama ya bongo, ya kudanganya. Uso yako iko kama mutu mwenye kumeza misumari. Kula benye kwanza." Benye ni maandazi yake ya mafuta mengi, alikuwa anayakaanga nyuma ya jiko la wagonjwa. "Kula, mifupa inapenda mafuta."

Akichukua nguo za kaka yake kwenda kufua, alichukua na zangu. Nikimkataza alikuwa anasema, "Unaogopa nini? Nitaona uchi ya shati?"

Hizo ndizo rehema ndogo nilizozipata, na nakuambia uzipokee zako. Usijifanye mwanamume mbele ya mtu anayekufulia shati.

Lakini mwenzangu wa kweli wodini wiki zile alikuwa hasira. Kila aliyeniuliza, askari wa usalama barabarani, manesi, wagonjwa, nilimwambia maneno yaleyale: aliniona, akanipungia mkono nipite, kisha akanigonga. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Nilimchora yule dereva kichwani akiwa mlevi, akiwa mwenye dharau, akiwa mtu anayecheka. Hasira inakaa nawe kitandani, haiwahi basi la Busunzu.

*

Siku moja Yasinta akiwa amekaa kwenye ndoo yake, alikuja mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amebeba mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Akasimama mbali na kitanda.

"Kaka, pole sana. Naitwa Sadoki. Mimi ndiye wa ile pikapu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo, lakini maneno yote yakakimbia yakabaki yale ya kila siku. "Uliniona," nikamwambia. "Uliniona na ukanipungia mkono."

"Sikukuona, kaka."

"Mkono ulipunga!"

"Nilipunga." Akautua mkungu sakafuni. "Nilikuwa namsalimu mama mkwe."

Hata kaka yake Mama Furaha aligeuza kichwa.

"Alikuwa kando ya barabara na kuni zake," Sadoki akaendelea. "Yeye ndiye aliyeinua mkono kwanza. Mama mkwe ameinua mkono, kaka, wewe ni mtu wa hapahapa, ningeachaje kuitikia? Nikamtazama yeye, nikampungia, nikakata kona huku bado namtazama. Wewe nilikusikia tu ulipogonga."

Yasinta alianza kucheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha kumcheka mtu, kilikuwa kinamtoka kama kikohozi, na machozi yakimtiririka. "Kwa hiyo huyu wangu," akasema, "ameitikia salamu ya mama mkwe wa mtu?"

"Ndiyo, dada," Sadoki akasema kwa unyonge.

"Na kwetu nyumbani salamu zake huwa tunaletewa na makonda."

Mama Furaha alimpokea jogoo, akamtazama chini ya mbawa, akasema, "Kuku iko muzuri. Mutu alikuja na kuku muzuri hakukusudia mubaya," kisha akaondoka naye jikoni.

Sadoki alikaa kidogo, akaniombea kwa Mungu, akaondoka. Na hasira ikaondoka naye. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama chumba ambacho mpangaji amehama. Usiku na mchana nilikuwa na mtu wa kugombana naye kichwani. Sasa alibaki mtu mwenye aibu ya ukweni, na mimi na mkono wangu hewani.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria barabara upya, kipande kwa kipande, kama unavyorudi kutafuta kitu ulichoangusha. Niligundua kwamba miaka kumi na minne nilikuwa naendesha kwa kutazama nyuso za madereva. Uso haukuambii kitu. Macho ya dereva yanaweza kukuelekea huku akili iko kwa mama mkwe, iko kwenye simu iliyo mapajani, iko kwa abiria anayedai chenji. Tazama tairi la mbele la gari. Tairi likianza kugeuka, hiyo ndiyo salamu ya kweli, na linageuka kabla gari lenyewe halijageuka. Ukiona dereva ameinamisha kichwa kana kwamba anasali, jua anasoma ujumbe, mwachie barabara. Ukikuta basi dogo limesimama kupakia, usipite karibu na ubavu wake, litaondoka bila indiketa, na milango hufunguliwa na watu wanaowaza mizigo yao. Usikae kando ya lori mahali ambapo wewe huoni kioo chake cha pembeni, kwa maana hapo na yeye hakuoni. Taa washa hata mchana, hasa siku za vumbi na siku za ukungu. Na kila njia panda, hata kama unaijua tangu utoto, punguza mafuta, weka vidole kwenye breki, ujihesabu kuwa huonekani. Fikiri hivyo tu: mimi sionekani. Ni wazo la upweke sana, najua, lakini mguu wangu ungekuwa mzima kama ningelifikiri.

*

Daktari alipokuja mara ya pili, alimkata kaka yake Mama Furaha mguu. Alikuwa amemchora mstari wa kukatia kwa kalamu siku moja kabla. Baada ya wiki mbili gari la kambi lilikuja kuwachukua. Mama Furaha alinipa mkono, akanivutia kifuani kwake, akaninong'oneza, "Papa Cherehani, usikuwe unakaa peke yako ndani ya kichwa. Mule hakuna jiko." Baadaye kitanda kile kilipata mtu mwingine, kikapata mwingine tena, na sikujifunza majina yao.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kidonda changu kilikuwa hakikauki. Nilikuwa naisikia harufu yake kabla nesi hajafungua bandeji, tamu tamu, na nilikuwa naona wageni wa vitanda vingine wakigeuza pua kwa adabu. Paja lilikuwa limekonda hadi nikaweza kulizungushia vidole vya mikono miwili. Ndevu zilitoka na mvi ambazo sikuwa nazo. Unyayo, uliokuwa mgumu kwa miaka ya kukanyaga breki, ukabanduka ngozi nzima, ukabaki laini kama wa mtoto. Niliushika nikaona ni mguu wa mtu asiyekwenda popote.

Ndugu za Yasinta walikuja na shauri la kunitoa wanipeleke kwa mtu mmoja upande wa Manyovu anayeunga mifupa kwa dawa na vijiti. Wakaanza kubishana na Yasinta juu ya kitanda changu. Nesi Mwanahawa, mwenyeji wa Pangani aliyepangiwa kazi huku, mwanamke mdogo wa umbo, aliwasikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Kaka zangu, yule anaunga mfupa. Hapa mfupa si tatizo, tatizo kidonda. Mtamtoa na mguu, mtamrudisha maiti." Wakaondoka wamenuna, na kwa miezi miwili hawakukanyaga tena. Yasinta alibeba lawama yao peke yake huko kijijini.

Daktari alipokuja mara ya tatu, alibonyeza, akanusa, akachukua kalamu ya bluu mfukoni, akanichora mstari chini ya goti.

"Nakupa hadi nikirudi," akasema. "Nikikuta nyama nyekundu inaota, tunaendelea. Nisipokuta, tutakata hapa, kabla sumu haijapanda."

Nimeishi na mafundi nguo maisha yangu yote. Najua chaki ikishapita kwenye kitambaa, kinachofuata ni mkasi.

Nitakuambia nilichokuwa nakiona kwenye mstari ule. Sikuona kifo wala magongo. Niliona barabara. Kipande cha Uvinza asubuhi, pale miombo inapotoa majani mekundu kabla ya mvua. Mteremko fulani kabla ya Kibondo ambapo huwa nazima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe, unasikia upepo tu. Harufu ya mawese yanayopikwa. Fundi nguo mzee wa Makere anayenikaribisha kila mara kwa kusema, "Umeleta vumbi la wapi leo?" Nililia kwa ajili ya mambo hayo, na nililia zaidi nilipogundua kwamba katika yote niliyoyaona hapakuwa na mlango wa nyumba yangu.

Yasinta alikuja mara moja tu katika mwezi ule, kwa sababu ulikuwa msimu wa kupanda. Aliuona mstari. Akalowesha kitambaa, akausugua.

"Acha, ni wa daktari," nikamwambia.

"Atachora mwingine akitaka. Ana kalamu." Akaendelea kusugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha akasema bila kuinua uso, "Wewe Gervas, sikukuomba utulie. Nilijua nimeolewa na nani. Nilitaka tu siku moja urudi kwa sababu umetaka kurudi, si kwa sababu ya mvua, si kwa sababu umeishiwa."

Nilimshika mkono, akauacha ushikwe.

Kila asubuhi Mwanahawa alikuwa anasafisha kidonda. Akimaliza anaamuru, "Kidole gumba, kaka Gervas. Kisalimie ukuta." Nilikuwa nakaza meno nikijaribu kukiinua kidole kile. Siku za kwanza kilitetemeka tu. Nilikula mayai hadi nikayachukia. Niliwauliza watu wa kila zamu, nyekundu ipo? Walinijibu kama watu wanavyojibu, "Tunaendelea vizuri." Usiwachukie wanaokujibu hivyo. Hawajui.

Daktari alichelewa wiki moja kwa ajili ya mvua. Wiki hiyo ndiyo iliyonizeesha. Siku alipofika, tulipangwa kwenye benchi la kuingilia chumba cha kufungia vidonda, wengine kwenye viti vya magurudumu. Kila mmoja alikuwa anautazama mguu wake kana kwamba anaagana nao. Zamu yangu ilipofika alifungua bandeji, akabonyeza, akainama. Nilimtazama usoni, kosa lilelile la njia panda, na uso haukuniambia kitu. Basi nikatazama mkono wake. Haukwenda mfukoni kwenye kalamu.

"Tusubiri," akasema.

Nilibaki nimekaa. Mwanahawa akanigusa bega. "Kaka, amesema tusubiri. Mguu wako huo. Ondoka nao, wenzako wanangoja."

*

Vyuma vilitolewa mvua zikielekea ukingoni, ikafuata plasta ngumu, yakafuata magongo. Mguu umebaki mfupi, si sana, lakini suruali zangu zote zinajua.

Nilirudishwa Busunzu. Hakuna aliyenionya kwamba nyumbani kungekuwa kupweke kuliko wodini. Nilikuwa sijui chumvi inawekwa wapi. Mbwa alinibwekea siku nne. Anjela alikuwa ananiamkia "Shikamoo baba" vizuri kabisa, kisha anatoka nje, na huko nje nilimsikia akicheka na mama yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiwa mbele yangu. Sikuwalaumu. Nilikaa barazani mguu ukiwa juu ya kigoda, nikaanza kujifunza ratiba ya nyumba yangu kama nilivyojifunza masoko: maji saa ngapi, mbuzi saa ngapi, nani hupita kukopa moto. Nilitengeneza cherehani ya Yasinta. Ilikuwa mbovu tangu mwaka sijui upi, na hakuwahi kuniambia.

Siku nilipoweka gongo la pili chini nikatembea na moja, aliniuliza, "Mguu umebaki. Utaupeleka wapi?"

"Kazini," nikasema. "Na jioni nitaurudisha."

"Nikuapishe?"

"Usiniapishe. Nitazame tu."

Kiangazi kilichofuata nikapanda pikipiki tena. Siwezi kuipiga kiki kwa mguu ule, naiwasha kwa kitufe. Nimeuacha mzunguko mrefu; sasa nafika Kasulu au Kibondo na kurudi siku hiyohiyo, na jioni nyingine moyo unanivuta niendelee mbele, hadi Uvinza, hadi kokote. Nasimama kando, naungoja upite, halafu nageuza.

Na barabarani siwainulii watu mkono tena. Mtu akinisalimu nikiwa kwenye mwendo, mikono yangu inabaki kwenye usukani na macho kwenye tairi la yule ajaye. Nikiweza nasimama, nazima injini, nasalimia. Nisipoweza napita. Najua wanavyosema. "Gervas ajali imemtia maringo." Fundi wa Makere aliniambia hilo mbele ya wateja, nusu utani. Ni kweli inauma, kupita kati ya watu wako kama mgeni. Nimekubali iniume.

Njia panda ya Rungwe Mpya nilikuwa naipita polepole kila mara, vidole kwenye breki. Asubuhi moja nilimwona yule mwanamke mzee kando ya barabara, bila kuni safari hii. Nikasimama. Nikazima injini, nikashuka, nikachukua gongo langu.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha.

Akaitikia kwa kupiga makofi taratibu kama wanavyofanya mama zetu, akauliza habari za nyumbani, za mke, za mtoto, za mbuzi, nami nikajibu zote. Kisha akautazama mguu wangu.

"Mkwe wangu anawaambia watu nilimsalimu," akasema. "Anasema mimi ndiye niliyeinua mkono kwanza."

"Aliniambia, mama."

"Sikumsalimu." Sauti yake ilishuka. "Nilikuona wewe unakuja. Nikainua mkono kumwambia asimame. Akadhani salamu. Ningepiga kelele ningeeleweka, lakini ningemfokeaje mkwe barabarani? Nikainua mkono tu."

Nilimkumbuka kama nilivyomwona nikiwa chini, kuni kichwani, mkono haujashuka. Mwaka mzima alikuwa na hilo peke yake.

"Umemwambia yeye?"

"Nimwambie ili iweje? Ana mzigo wake unamtosha. Nimekuambia wewe kwa sababu umeshuka."

Nilimwambia mguu upo, akausogelea, akaugusa kwa ncha za vidole juu ya suruali, pale mfupa ulipounga na kuacha nundu. Akasema nenda, mke wako anakusubiri.

Nikawasha kwa kitufe. Nikatazama nyuma, nikatazama mbele. Lori moja lilikuwa linakuja, nikatazama tairi lake hadi likapita. Ndipo nikaingia barabarani. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona ameinua mkono, na safari hii ulikuwa wangu bila shaka yoyote.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Niliiacha hapo.